Longonot: Watu Walifuata Hati za Ardhi

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 355,383 katika kaunti ndogo ya Naivasha, ambamo kituo cha Longonot kimo. Kaunti nzima ya Nakuru ilikuwa na watu 2,162,202, kutoka 1,603,325 mwaka 2009. Ongezeko kama hilo aghalabu huelezwa kwa uzazi na uhamiaji, kana kwamba watu hutiririka tu kama maji. Hoja yangu ni kwamba chini ya Mlima Longonot, ni nani aishi hapo na apate kiasi gani limekuwa kwanza swali la hati ya ardhi, na hati hizo karibu zote ziliandikwa mbali na hapo.

Tarehe 10 Agosti 1904, Lenana, kiongozi wa Wamaasai, na wazee wenzake walifanya mkataba na Donald Stewart, Kamishna wa Uingereza. Wamaasai wakaondoka katika Bonde la Ufa, wengine wakaenda Laikipia, wengine kusini. Waliahidiwa kwamba mipaka hiyo ingedumu, lakini mwaka 1911 ukaletwa mkataba mwingine wa kuwatoa Laikipia, na kesi yao ikatupwa mwaka 1913. Wapo wanaosema kwamba Wazungu waliikuta ardhi tupu. Ni kweli kwamba miaka ya 1890 sotoka iliwamaliza ng'ombe, na ndui na njaa vikawamaliza watu. Lakini mfugaji huhama na kurudi kulingana na mvua na magonjwa. Malisho yaliyokosa ng'ombe kwa miaka michache hayakuwa yamekosa wenyewe, na kama yangekuwa hayana mwenyewe, serikali isingehitaji saini ya Lenana. Baada ya hapo rangi ya mtu ikampangia mahali pake. Mashamba yakawa ya Wazungu. Wahindi, ambao wenzao walikuwa wameijenga reli hadi ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901, walizuiwa kupewa ardhi ya nyanda za juu, wakabaki na maduka kandokando ya reli. Mwafrika akaingia shambani kama skwota: analima kipande chake na kulipa kwa siku zake za kazi, siku ambazo sheria za 1918 na 1937 zilizidi kuziongeza.

Uhuru ulivunja mpango wa rangi, ila si nguvu ya hati. Mashamba mengi ya bonde yalinunuliwa na vyama na kampuni za wanahisa, wengi wao Wakikuyu kutoka Mkoa wa Kati na maskwota wa zamani. Watu hao hawakuvamia. Walichanga shilingi zao kihalali, na si haki kuwabebesha kosa la 1904. Hata hivyo, soko linalomtaka mtu alete fedha taslimu kwa ardhi ambayo babake alinyang'anywa bila fedha haliwezi kuitwa uwanja sawa. Zaidi ya hayo, hisa ilimpa mwanachama kipande tu. Udongo hapa ni jivu la volkano linalomomonyoka upesi na kuchimbika makorongo. Milima ya Nyandarua huikinga mvua. Na kwa familia nyingi maji ni mitungi ya kununua, inayoletwa kwa mkokoteni wa punda. Kwa hiyo mwenye hati na asiye nayo hukutana kwenye kibarua kilekile cha mashamba ya maua au kando ya barabara ya malori. Wastani wa kaunti hauonyeshi hali hiyo, kwa sababu unachanganya jiji la Nakuru na vipande hivi vikavu. Hesabu ya makabila nayo itakuambia nani yupo, bila kukuambia kwa nini Wamaasai ni wachache mahali ambapo hata jina la mlima ni la lugha yake.

Januari 2005, ugomvi wa maji ya mto Ewaso Kedong karibu na Mai Mahiu uliua watu. Magazeti yakauita ugomvi wa kikabila, ingawa kilichogombaniwa kilikuwa maji, na mwenye shamba la juu ndiye aliyeweza kuyazuia. Oktoba 2019 reli mpya ya SGR ikafika Suswa, ikileta mipango ya viwanda na thamani mpya ya ardhi katika bonde la Kedong. Watu wataongezeka hapo bila shaka. Lililobaki wazi ni kama wafugaji waliopo watakuwa na majina yao kwenye hati kabla ya sensa ijayo kuwahesabu, au watahesabiwa kama wapangaji.