rejista (pia: rejesta)

nm. [i-/zi-]

1. Daftari la kuorodheshea majina au matukio: *Mwalimu aliita majina yaliyomo katika rejista ya mahudhurio.*

2. (isimujamii) Mtindo wa lugha unaotawaliwa na muktadha wa matumizi: *rejista ya mahakamani*. Vitabu vya Tanzania hutumia zaidi *rejesta*; vya Kenya hupendelea *sajili*.

3. (kompyuta) Hifadhi ndogo iliyomo ndani ya kichakataji, ishikayo thamani inayofanyiwa kazi kwa wakati huo: *rejista ya namba za nukta inayoelea*.

Matumizi ya maana ya 3

Mfasiri atofautishe kauli mbili: *rejista ina thamani isiyo sahihi* na *thamani ya rejista inaonyeshwa isivyo sahihi*. Ya kwanza huilaumu programu inayochunguzwa. Ya pili hukilaumu kitatuzi, yaani programu ya kuchunguzia hitilafu. Zikichanganywa, msomaji atakwenda kurekebisha hesabu isiyo na kosa.

Mfano: Ngerengere, mkoani Morogoro, ipo takriban nyuzi 6.75 kusini mwa ikweta. Programu ya ramani huiandika latitudo hiyo -6.75. Kwa kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, namba hii huhifadhiwa kwa biti 32: biti 1 ya alama, 8 za kipeo na 23 za sehemu ya tarakimu. Kwa mfumo wa kumi na sita biti hizo husomeka C0D80000. Kitatuzi kikizisoma kama namba nzima, kitaonyesha -1059586048. Biti ni zilezile. Kilichobadilika ni namna ya kuzisoma.

Tiba yake ni kukieleza kitatuzi aina ya thamani. Katika GDB, kwa vichakataji vya x86, amri *p $xmm0.v4_int32* husoma rejista kama namba nzima nne, na *p $xmm0.v4_float* huisoma kama desimali nne za biti 32. Ukichagua *v2_double*, biti 64 husomwa kwa pamoja, na jibu huwa jingine kabisa. Matokeo yakikosewa hata baada ya kuchagua aina ifaayo, chunguza maelezo ya rejista yaliyomo katika kitatuzi chenyewe kabla ya kuigusa programu.

Tanbihi

*Nukta* peke yake huweza pia kumaanisha sekunde. Kwa hiyo katika matini za kompyuta andika *nukta inayoelea* kwa ukamilifu. Huitwa hivyo kwa kuwa mahali pa nukta huamuliwa na kipeo. Katika sentensi moja usichanganye *rejista* na *sajili*. Msomaji atadhani ni vitu viwili.

Linganisha: biti, desimali, kipeo, sajili.