Barabara Nyeupe za Pendon

Mwaka 1925 kijana wa Kiaustralia, Roye England, aliwasili Uingereza na kulipenda bonde la White Horse. Mapenzi hayo yalikuja na majonzi: nyumba za kale za vijijini zilikuwa zikibadilishwa au kubomolewa mbele ya macho yake. Akaamua kulihifadhi bonde lile kwa kuliundia mfano mdogo wa kadibodi na rangi za maji, kwa kipimo cha 1:76, pamoja na reli yake. Mwaka 1954 kazi hiyo ikazaa jumba la makumbusho la Pendon, kijijini Long Wittenham.

Katika kipimo hicho, barabara ya mita 6 hubaki na upana wa milimita 79 hivi. Udogo huo hauvumilii uzembe. Barabara iliyopakwa rangi nyeusi tupu huharibu mandhari yote, kwa kuwa hata lami ya kweli hupauka kijivu kwa jua na vumbi. Isitoshe, lami ya aina ya tarmac, ambayo Edgar Hooley aliipatia hataza mwaka 1902, haikufika kila kijiji mara moja. Njia nyingi za mashambani ziliendelea kuwa za mawe yaliyoshindiliwa, zikichukua rangi ya ardhi ya mahali pale, na penye chokaa zikawa nyeupe.

Katika kuzijali barabara za mfano, John Ahern, ambaye reli yake ndogo ya mfano ya Madder Valley sasa imehifadhiwa Pendon, alikuwa ametangulia. Tangu miaka ya 1930 aliipa treni yake mitaa, maduka na bandari, wakati wengi waliridhika na reli na injini tu. Hapo ndipo barabara ilipopata heshima yake.