Fremu inaacha mwanya kwenye kona? Kagua nyuzi 45 kwanza

Mafundi seremala wa Ngara na Biharamulo wanajua: mteja akija kuchukua fremu ya dirisha, jicho linaenda kwenye kona. Mashine ya kukata pembe ina alama ya nyuzi 45, ila usiiamini hivi hivi. Ukikosea nyuzi 1 tu kwa kila kipande, ubao wenye upana wa sentimita 10 utaacha mwanya wa karibu milimita 5.

Fanya hivi:

1. Kata mabaki mawili kwa nyuzi 45, yaunganishe, pima kwa skwea. Mwanga ukipenya, rekebisha mashine.

2. Bana ubao kwa klampu. Ukiteleza kidogo, pembe imeharibika.

3. Vipande vinavyotazamana viwe na urefu sawasawa.

4. Ukishaunga, pima kona kwa kona. Vipimo viwili vikilingana, fremu iko sawa.

5. Shusha msumeno ukishashika kasi. Usiunyanyue mpaka usimame kabisa.

Na mbao mbichi je? Hata ukate vizuri vipi, zikikauka zinasinyaa na kona inaachia upande wa ndani. Zikaushe kwanza, ndipo ukate.