Malaysia: vyakula vitano vya barabarani ambavyo inafaa kuonja

Asubuhi katika miji ya Malaysia, watu wengi hawawashi moto nyumbani. Wanapita kwa mama muuzaji kando ya barabara, wanachukua wali uliofungwa ndani ya jani la ndizi, kisha wanaenda kazini. Inchi hiyo ya Asia ya kusini-mashariki ina wakaaji karibu milioni 34. Wamalay ndio wengi, wakifuatwa na Wachina na Wahindi, na kila kundi limeleta chungu chake barabarani. Mwaka 2024, UNESCO iliingiza desturi ya chakula cha asubuhi cha Malaysia katika orodha ya urithi wa binadamu.

Hivi ni vyakula vitano vya kuanza navyo, kwa mwenye kupita huko kwa biashara ao masomo, ao kwa mwenye kutaka tu kujua.

Nasi lemak
"Nasi" ni wali, "lemak" ni mafuta. Mchele unapikwa ndani ya tui la nazi pamoja na majani ya pandani yenye harufu nzuri. Pembeni wanaweka yai, tango, karanga za kukaanga na samaki wadogo wakavu. Mtu wa Uvira ao Bukavu atafikiria ndagala na sambaza, ila hawa wanatoka baharini. Juu yake kunakuja sambal, pilipili iliyosagwa na kupikwa ndani ya mafuta. Mara nyingi sambal inatiwa kamba wa baharini waliochachushwa. Mtu ambaye mwili wake haupatane na kamba ao karanga aulize kabla ya kula.

Satay
Ni brosheti za kuku ao ngombe, zenye vipande vidogo kuliko vya kwetu. Nyama inalazwa kwanza ndani ya manjano na sitroneli, jani lile lile ambalo watu wanatia ndani ya chai, kisha inachomwa juu ya makala. Inaliwa na sosi ya karanga yenye sukari na pilipili, pamoja na kitunguu kibichi. Muji wa Kajang, karibu na Kuala Lumpur, unajulikana sana kwa satay.

Roti canai
Huyu ni ndugu ya chapati. Mpishi anavuta na kurusha unga mpaka unakuwa mwembamba kama kitambaa, anaukunja, anaukaanga juu ya chuma. Inachovywa ndani ya mchuzi wa dengu. Ililetwa na Wahindi Waislamu. Wanainywea teh tarik, chai yenye maziwa mazito ya kopo, ambayo muuzaji anamimina kutoka juu mpaka chini, mara nyingi, hadi itoe povu.

Asam laksa
Ni chakula cha kisiwa cha Penang: tambi za mchele ndani ya mchuzi wa samaki wenye ukwaju. Ni kikali na kichachu. Mtu asiyezoea anaweza kukikataa kwa kijiko cha kwanza, lakini afike cha tatu kwanza.

Pisang goreng
Ni ndizi mbivu zilizochovywa ndani ya uji wa unga na kukaangwa. Mwenye kupenda makemba ya kukaanga hatapotea.

Vyakula vya safari
Vitu vingi katika sahani hizi vilitoka mbali. Pilipili na karanga asili yake ni Amerika. Wareno, ambao waliteka Malacca mwaka 1511, ni kati ya waliosambaza pilipili Asia. Mafuta mengi ya kukaangia nayo ni ya mawese, na mti wa mawese asili yake ni Afrika ya Magharibi na ya Kati, pamoja na Congo. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa Bogor, kisiwani Java. Mwaka 1917 shamba la kwanza la biashara likaanza Malaysia. Leo inchi hiyo ni ya pili duniani kwa mawese, nyuma ya Indonesia. Ila huko mafuta yanasafishwa mpaka wekundu unaisha, kwa hiyo ladha ya mawese ya kwetu haionekani.

Nani atapika kesho?
Kazi ya kusimama mbele ya moto tangu alfajiri ni ngumu, na watoto wengi wa wauzaji hawataki kuirithi. Wenye vibanda wakaanza kuandika wageni kazi. Kuanzia 2016, serikali ya Penang ikakataza wageni kupika baadhi ya vyakula vya barabarani, ili kulinda ladha ya wenyeji. Lakini mapishi hayo yenyewe yaliletwa na kuchanganywa na watu waliotoka inchi zingine. Sheria inaweza kumfukuza mpishi mgeni, ila haiwezi kumlazimisha kijana kushika mwiko wa mama yake.

Kwa mwenye kwenda
Chagua kibanda chenye foleni, sababu chakula hakilali. Kula kwa mkono wa kuume. Vibanda vya Wamalay havina nguruwe, baadhi ya vile vya Wachina vinayo. Wakati wa Ramadani, masoko ya chakula yanafunguliwa mchana, kabla ya kufuturu.

Kwa mwenye kubaki nyumbani, sosi ya satay inawezekana: karanga zilizokaangwa na kusagwa, pilipili, kitunguu, sukari kidogo na ndimu. Ipikwe kwa moto mdogo mpaka mafuta yapande juu, kisha ipelekwe kwenye brosheti za mbuzi.