Toba ya Gahini

Gahini iko kando ya Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Joe Church, daktari kijana Mwingereza aliyesoma Cambridge, alipelekwa huko na misheni ya Kianglikana mwishoni mwa miaka ya 1920, nchi ikiwa chini ya Wabelgiji. Njaa ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura ilimkuta kazini. Wagonjwa na wenye njaa walimiminika hospitalini wakati mmoja, na kufikia Septemba 1929 daktari alikuwa hoi, mwili na roho. Akaenda Kampala kupumzika.

Jumapili, kwenye kilima cha Namirembe, nje ya kanisa kuu, alikutana na Mganda aliyesimama kando ya pikipiki yake. Alikuwa Simeoni Nsibambi, mtumishi wa idara ya afya ya serikali. Nsibambi alimwambia kwamba anamwamini Kristo lakini anajua kuna kitu kinampungukia. Church naye alikuwa na njaa hiyohiyo. Walikaa pamoja siku mbili, Biblia mbele yao, wakifuatilia kila mahali panapomtaja Roho Mtakatifu, wakiomba.

Waliyoyasoma hayakuwa mapya. Kwamba Mungu ni mtakatifu na ndiye aliyemuumba mwanadamu awe wake. Kwamba dhambi imewatenga. Kwamba Kristo alikufa msalabani ili uhusiano huo urudi, na mtu anaupokea kwa neema, si kwa kustahili: yote hayo yalikuwa katika katekisimu. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walikuwa wamefika Buganda mwaka 1877. Miaka hamsini baadaye, machifu wengi walikuwa Wakristo, ubatizo uliandamana na kusoma na cheo, na watu waliweza kutaja imani yao yote kwa moyo bila moyo wenyewe kuguswa. Nsibambi aliporudi kutoka katika siku zile mbili, aliacha kazi ya serikali na kuanza kumuuliza kila aliyekutana naye kama ameokoka. Baadhi ya Wazungu wa Kampala walimlalamikia Church kwamba amemtia mtu wazimu.

Mimi naamini historia ya uamsho wa Afrika Mashariki ilianzia katika jambo dogo zaidi, huko hospitalini Gahini.

Yosiya Kinuka alikuwa mkuu wa wahudumu wa pale. Kazi ilizorota, wahudumu wamenuna, na kati yake na daktari hapakuwa na maelewano. Kinuka akafunga safari hadi Kampala kumwona Nsibambi. Nsibambi akamuuliza habari za hospitali, naye akamweleza mabaya yote yaliyoko. Alipomaliza, Nsibambi akamwambia kwamba chanzo cha ubaya ule kimo moyoni mwake yeye Kinuka. Hakumtetea daktari, wala hakuuliza nani alianza. Safari ya kurudi Gahini ilikuwa ndefu, na humo njiani Kinuka alijikabidhi kwa Kristo. Aliporudi, wenzake walimwona amebadilika katika namna ya kuwahudumia wagonjwa.

Mwishoni mwa Desemba 1933 walimu na wainjilisti walikusanyika Gahini kwa siku kadhaa za mafundisho na maombi. Mkutano ulikaribia kwisha ukiwa baridi. Ndipo Mkristo mmoja Mnyarwanda akasimama na kuungama dhambi yake mbele ya wote. Akafuata wa pili. Kwa muda wa saa mbili na nusu watu waliendelea, wakati mwingine watatu wamesimama kwa pamoja, kila mmoja akisubiri nafasi ya kusema. Baada ya siku zile, watu walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni, wakaenda kwa waliokosana nao. Wamisionari nao wakaanza kuungama mbele ya Waafrika hasira zao na ubwana wao. Katika koloni la mwaka 1933, Mzungu kumwomba radhi mhudumu wake lilikuwa jambo zito. Fundisho kwamba wote wametenda dhambi lilikuwa limehubiriwa nusu karne kwa kuelekea upande mmoja; sasa lilimfikia na mhubiri.

Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyekuwa akifundisha Gahini, ndiye aliyelibeba jambo hili kurudi Uganda. Januari 1936 alikwenda Kampala na hoja za kuiuliza sinodi, mojawapo ikiwa sababu ya kanisa kuwaacha wanaoishi dhambini waziwazi waje kwenye Meza ya Bwana. Homa ya papasi ilimuua kabla hajasimama kusema. Wito wake, Zukuka, yaani amka, ukawa wito wa yubilei ya kanisa mwaka uliofuata.

Kutoka hapo moto ulienea haraka: Kabete nchini Kenya mwaka 1937, Katoke upande wa Buhaya, Tanganyika, mwaka 1939. Walioguswa waliitwa Balokole, yaani waliookoka, na Watanzania mpaka leo tunasema walokole. Walikuwa wakali, lazima isemwe. Waliimba wimbo wao, Tukutendereza, usiku wa manane na kuwaambia maaskofu wao kwamba hawajaokoka. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwamo. Hata hivyo hawakujitenga kuanzisha dhehebu lao, na kwa hilo makanisa yetu yana deni kwao. Wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, ndugu wa Kikuyu walikataa kiapo, wakakataa pia kushika bunduki za serikali, na wengine waliuawa kwa ajili hiyo.

Rwanda inauma. Nchi uamsho ulikozaliwa iliona, katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, watu wakichinjwa ndani ya makanisa. Wapo ndugu waliowaficha majirani wakafa pamoja nao. Lakini uamsho ulikuwa hodari wa kutaja uongo, wizi, ulevi na uzinzi, na ulinyamaza mno kuhusu dhambi inayotendwa kwa sheria, kwa kitambulisho cha kabila na kwa redio. Toba yake haikufika ikulu.

Festo Kivengere aliokoka Kigezi, Uganda, mwaka 1941. Mapema katika wokovu wake alipanda baiskeli safari ndefu kwenda kumwomba radhi mmisionari Mwingereza ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Baadaye alifundisha Dodoma miaka mingi, akawa askofu wa Kigezi. Februari 1977 Askofu Mkuu wa Uganda Janani Luwum, naye mtoto wa uamsho, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere na mkewe Mera wakatoroka kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda. Chuki dhidi ya Amin ilimkaa moyoni kwa wiki kadhaa. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, katika kanisa la All Souls jijini London, aliposikia maombi ya Kristo kwa ajili ya wanaomsulubisha, alijua kwamba na yeye ana la kutubu. Mwaka huohuo alichapisha kitabu kidogo ambacho jina lake linasema kwamba anampenda Idi Amin.