Mwalimu wa Mbali na Darasa la Barazani

Watu wengi hudhani kwamba kufundisha wanafunzi wasioonana na mwalimu wao ni jambo la juzi, lililoletwa na redio na intaneti. Lakini katika Mji wa Kale wa Mombasa jambo hilo lilikuwako zamani, na historia yake yatufunza kwamba maneno ya mwalimu yaweza kufika mbali, ila hayafanyi darasa mpaka wanaoyapokea wapate pa kuulizana.

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni wa Mombasa aliyezaliwa mwaka 1891, alianza kutoa karatasi ndogo iliyoitwa Sahifa. Mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah, lililotoka kila wiki kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo aliwahimiza watu watafute elimu, wala wasiige mambo ya kigeni bila ya kuyapima. Msomaji aliweza kufundishwa naye pasipo kukaa mbele yake. Walakini msomaji huyo hakuwa peke yake. Nyumba za Mji wa Kale zina baraza mlangoni, na barazani neno lililosomwa huulizwa, hupingwa na hufafanuliwa. Tena mwandishi mwenyewe alikaa mji uleule na kusomesha watu ana kwa ana. Alifariki mwaka 1947, lakini darasa lake halikufa: mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na mwaka 1972 alianza kutoa gazeti la Sauti ya Haki.

Sasa na tuutazame mwaka 2020. Tarehe 15 Machi serikali ilitangaza kufungwa kwa shule zote nchini kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na masomo yakapelekwa majumbani kwa redio, televisheni na intaneti. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale nao ukafungwa, mtu asiingie wala asitoke, hata mwanzo wa Juni. Mikusanyiko ilikuwa imekwisha kukatazwa; kwa hiyo njia ya barazani, iliyowafaa wazee, haikuwafaa vijana.

Redio ilisema lakini haikusikia. Mwanafunzi aliyetatizwa na hesabu hakuweza kuisimamisha aulize, wala mwalimu hakuuona uso wake. Mwenye simu ya intaneti aliweza kumwandikia mwalimu na wenzake. Asiyekuwa nayo alibaki na sauti ya upande mmoja. Hivyo masomo yaliyokusudiwa kuwaweka pamoja wanafunzi wa darasa moja yaliwatenga. Madarasa machache yalirudi shuleni tarehe 12 Oktoba, na mengine yakangoja mpaka tarehe 4 Januari 2021.

Labda msomaji atasema kwamba wasomaji wa Al-Islah walikuwa watu wazima waliosoma kwa hiari yao. Ni kweli, na kama mtu mzima alihitaji mwenzake wa kuzungumza naye, mtoto amhitaji zaidi. Kwa hiyo mwalimu afundishaye kwa mbali yampasa awajue wanafunzi wake kwa majina, awape nafasi ya kujibu, na amtafute aliyenyamaza. Mwanafunzi naye ana wajibu wake. Kuuliza si ujinga. Na aliyelipata somo amwendee mwenziwe aliyelikosa.