Jezi ya Mechi: Utajuaje Kama Star Aliivaa Kweli?

Uko Kosele, hapo karibu na Oyugis, siku ya soko. Kwa rundo la mtumba unaona jezi ya kijani ya K'Ogalo. Msee wa mtumba anakuapia, "Buda, hii ndio Olunga alivaa 2015." Usitoe doh bado.

Jezi ya mechi ni ile mchezaji aliingia nayo uwanjani, jasho na yote. Ile inauziwa mashabiki haihesabiki. Hata ile alipewa akakaa nayo benchi ni stori ingine. Na wakusanyaji hukimbilia msimu ambao mtu aliwaka. Huko Marekani, jezi ya besiboli ya Babe Ruth ya fainali za 1932 iliuzwa mwaka wa 2024 kwa zaidi ya dola milioni 24. Noma sana.

Sisi tuko na zetu. Kuna Gor ya 1987, waliobeba Kombe la Mandela mbele ya Esperance ya Tunisia: 2-2 kule, 1-1 Nairobi, mabao ya ugenini yakaamua. Kuna Gor ya 2015 waliomaliza ligi bila kupoteza hata mechi moja, Olunga akiweka mabao 19. Halafu kuna namba 14 yake ya Kashiwa Reysol, 2020, alipofunga 28 na kuwa mchezaji bora wa ligi ya Japani. Hiyo ukiipata, nishtue.

Sasa, ushahidi. Jezi ya Maradona ya 1986, ile ya "mkono wa Mungu", ilipopelekwa mnada London mwaka wa 2022, binti yake alisema hiyo ni ya kipindi cha kwanza, mabao alifunga na ingine. Wauzaji hawakubishana kwa mdomo. Walilinganisha beji, mistari na namba na picha za mechi. Ikaenda kwa zaidi ya pauni milioni 7.

Hiyo kazi unaweza kuifanya na simu yako. Tafuta picha safi za mechi za msimu huo, kisha zoom. Beji imekaa upande kidogo? Namba imeanza wapi ukipima na mshono? Kuna uzi umevutika, ama doa? Vitu kama hivyo havifanani kwa jezi mbili. Timu isiyo na pesa huvaa seti moja mechi nyingi, kwa hivyo picha za kulinganisha zinaongezeka. Sahihi, by the way, inaonyesha tu kwamba mchezaji alishika kalamu.

Ukiipata kwa mchezaji mwenyewe, piga picha akikupea na umwombe aandike ni ya mechi gani. Na kama guka yako hapo Kosele ako na jezi ya 1987 kwa sanduku, usiioshe. Usiiguse na Jik! Hilo doa unaliona uchafu ndilo litalinganishwa na picha.